Baba Misiba na Kura ya Vibarua

Nyumba ya Fundi huamka kwa kelele. Cherehani hutangulia, nyundo hufuata. Mama Watoto hushona sare za shule chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mumewe, Fundi, hutengeneza viti uani. Binti yao hutoka mapema kuliko wote, kwa sababu kiwanda cha mbao hakimsubiri mtu. Kibarua akichelewa getini, nafasi yake hupewa mwingine.

Fundi naye alikuwa kibarua pale pale. Siku moja msumeno wa mashine ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kiwanda kilimpa pole, kikaita mtu mwingine ashike nafasi yake. Fidia hakupata. Sheria ya fidia iliwahusu wafanyakazi wa kudumu tu. Kibarua, hata akae kazini miaka na miaka, alihesabiwa kama mpita njia. Sasa binti yake anasimama mbele ya mashine zile zile. Mpaka arudi jioni, chakula cha mchana hakimshuki Fundi vizuri.

Asubuhi moja, wakati wa kampeni, mgeni alipiga hodi. Alikuwa katibu wa mbunge wao.

"Karibu, katibu," alisema Mama Watoto. "Sogeza hizo sare ukae. Usikalie sindano tu, tutaambiwa tumemhujumu Mheshimiwa."

Katibu alikikagua kiti kwanza, ndipo akakaa. "Mheshimiwa amenituma kwa Fundi. Jumamosi kuna mkutano uwanjani. Anaomba Fundi apande jukwaani, awaonyeshe watu mkono wake, aseme kwamba mtetezi wa vibarua ni Mheshimiwa."

Fundi hakufikiri mara mbili. "Mwambie nitakuja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

Hapa inafaa nieleze kidogo. Mbunge huyu aliingia bungeni kabla binti wa Fundi hajazaliwa. Wapinzani walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Mtaani walimwita Baba Misiba, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Hakuna mazishi yaliyompita. Hata awe mji mkuu, akisikia mtu wa jimbo lake amefariki, hufunga safari, akafika, akabeba jeneza. Mama yake Fundi alipofariki, Mheshimiwa alilibeba jeneza bega kwa bega na Fundi, viatu vyake vizuri vikiingia tope. Tangu siku hiyo, mteja akimsema vibaya Mheshimiwa mbele ya Fundi, kiti chake hukaa uani wiki mbili zaidi.

Jioni ile ile jirani yao alikuja kuchukua kiti chake. Alikuwa mama mstaafu, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake yote aliifanya bungeni. Alikuwa miongoni mwa waandishi wanaoandika kila neno linalosemwa ukumbini. Mbunge akishangiliwa, yeye aliandika kwenye mabano: Makofi. Aliwahi kuwasimulia majirani jambo hilo, na mtaa haukumsamehe. Mpaka leo anaitwa Bi Makofi.

Fundi alimsimulia habari za jukwaa kwa furaha.

"Hotuba yake waliirudia redioni baadaye, nikaisikia kwa masikio yangu," alisema. "Muswada wa kuwaingiza vibarua kwenye fidia ulipofika bungeni, alitutetea mpaka machozi yakanitoka. Wenzake wakampigia makofi. Halafu wale wengine wakaukataa."

"Wale wengine ni kina nani, jirani?"

"Wale wengine tu. Si unawajua wabunge?"

"Nawajua sana. Nimeandika maneno yao mpaka vidole vikaota sugu. Yeye alipiga kura gani?"

"Nimekwambia, alisema kwamba kibarua ni—"

"Alisema. Nimesikia. Alipiga kura gani?"

Fundi alianza kutafuta msumari ambao haukupotea. Cherehani ilinyamaza. Mama Watoto hupenda sana kumsikia mumewe akikosa jibu, maana ni jambo la nadra.

"Basi nikueleze," alisema Bi Makofi, akakaa kwenye kiti chake kipya kama anakijaribu. "Muswada ni sheria ambayo bado haijawa sheria. Unasomwa bungeni, unakwenda kwenye kamati, kamati inauchambua, halafu unarudi ukumbini. Hapo wabunge wanazungumza. Wakimaliza kuzungumza ndipo wanapiga kura. Hotuba ni kitu kimoja, kura ni kitu kingine."

"Kama mteja anayesifu gauni," alisema Mama Watoto. "Wa kusifu ninao wengi. Nangoja wa kulichukua."

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Sasa, mara nyingi Spika anauliza kwa sauti tu. Wanaokubali waseme ndiyo, wasiokubali waseme siyo. Hapo hujui nani kasema nini, ukumbi mzima unapiga kelele. Lakini jambo likiwa zito, wanaitwa kwa majina, mmoja mmoja. Kila jina linaandikwa na jibu lake. Muswada wa vibarua ulipigiwa kura ya majina. Nakumbuka, ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini."

"Na hayo maandishi wamefungia wapi?" aliuliza Fundi.

"Nani afungie mali yako? Kumbukumbu hizo zinaitwa Hansadi. Ziko maktaba kuu, na siku hizi ziko kwenye tovuti ya Bunge, bure kabisa. Mtu yeyote anaweza kusoma. Binti akirudi tutamwazima simu."

Binti alirudi na unga wa mbao kwenye nyusi. Alinawa, akala, akakaa na simu katikati ya wazee watatu waliomsonga kwa mabega. Aliipata hotuba. Aliisoma kwa sauti, taratibu. Ilikuwa hotuba nzuri kweli. Mwisho wake palikuwa na mabano: Makofi.

"Umeona?" alisema Fundi.

"Nimeona. Endelea, mwanangu. Nenda kwenye kura."

Binti aliteremsha orodha kwa kidole. Walikuja waliosema ndiyo. Jina la Mheshimiwa halikuwemo. Wakaja waliosema siyo. Halikuwemo. Chini kabisa waliorodheshwa wasiokuwepo. Jina lake lilikuwa pale. Muswada ulikuwa umeanguka kwa kura chache sana.

"Wamekosea," alisema Fundi. "Atakosaje kuwepo, na hotuba katoa?"

"Hotuba aliitoa siku moja, kura ilipigwa kesho yake mchana," alisema Bi Makofi. "Tazama tarehe."

Binti aliisoma tarehe. Mama Watoto ndiye aliyeelewa kwanza, akashusha pumzi.

"Baba watoto," alisema polepole. "Hiyo ndiyo siku tuliyomzika mama."

Fundi alikumbuka kila kitu. Ni yeye aliyempigia Mheshimiwa simu siku moja kabla ya mazishi. Ni yeye aliyelia, akamwambia, usiponizikia mama nitamwambia nani? Na Mheshimiwa alikuja. Fundi aliumia kwelikweli. Aliumia kuliko siku ya msumeno, kwa sababu siku ile alikuwa na wa kumlaumu.

"Jumamosi siendi," alisema.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Makofi. "Usimhukumu mtu kwa kura moja, kama ambavyo hukutakiwa kumsifu kwa hotuba moja. Huyu amekaa bungeni muda mrefu. Msome mpaka umwelewe, ndipo uamue."

Basi jioni zilizofuata walimsoma. Waliona mambo mengi ambayo hayakuwahi kusemwa jukwaani. Waliona kwamba mara nyingi Mheshimiwa huzungumza vizuri, halafu kura ikipigwa hayupo. Lakini waliona pia kwamba aliwahi kupiga kura kinyume na chama chake ili visima vya umma visiuzwe. Tena kwenye kamati alikuwa mtu mwingine kabisa, mtulivu na mkaidi. Ndiye aliyeongeza kifungu kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare.

"Kumbe ndiye aliyenipunguzia wateja," alisema Mama Watoto. Walicheka, naye akacheka. "Lakini kifungu ni kizuri. Mbona hajawahi kutuambia haya?"

"Mmewahi kumwuliza?" aliuliza Bi Makofi.

Mama Watoto alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hata ukweli ulipokuwa haumpendezi. "Tumewahi kumwuliza kama atakuja kwenye mazishi."

Siku moja kabla ya mkutano, Fundi na mkewe walikwenda ofisi ya mbunge. Ilikuwa chumba kidogo juu ya duka la vipuri, chenye feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Mheshimiwa alikuwa amevua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama. Kwa karibu alionekana mzee kuliko kwenye picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mama mzaa chema, hujambo?"

"Sijambo. Huyu hapa ana swali," alisema Mama Watoto, maana alimjua mumewe, angeweza kuzungumzia hali ya hewa mpaka jioni.

Fundi alisogea mbele. "Mzee, siku wabunge walipoupigia kura muswada wa vibarua, ulikuwa wapi?"

Katibu alikohoa. "Fundi, maswali mengine yana wakati wake."

Mheshimiwa alimnyamazisha kwa mkono. "Nilikuwa nimebeba jeneza la mama yako."

"Najua. Nilikuita mimi."

"Ulilia kwenye simu, mwanangu. Nilijua kura ni siku ile ile. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona tutashinda hata bila mimi. Kumbe wenzangu nao walipiga hesabu hiyo hiyo. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine ana harusi, mwingine anafungua zahanati. Tukashindwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie siji kumzika mama yako kwa sababu nina kura? Ungenielewa?"

Fundi alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuja kutafuta ukweli, asingeweza kuudai kwa mwenzake huku akiuficha wake. "Nisingekuelewa. Na kura yangu usingeipata tena."

"Basi na mimi nilijua hivyo. Nilipogombea mara ya kwanza, aliyekuwepo alikuwa mbunge hodari. Hakosi ukumbini. Watu walisema haji kwenye misiba yetu. Nilimshinda kwa mazishi, mwanangu. Nikajifunza somo hilo, na nimezeeka nalo."

Mama Watoto alisogeza kiti chake karibu.

"Mshika mbili moja humponyoka, mzee," alisema Mama Watoto. "Na sisi ndio tuliokushikisha zote mbili. Lakini binti yangu yuko kwenye mashine sasa hivi tunapoongea. Muswada ule utarudi?"

"Nikirudi mimi, nitaurudisha. Ila nisikudanganye, chama changu hakiupendi. Wenye viwanda ni marafiki zetu."

Fundi alisimama. "Kesho nitapanda jukwaani. Lakini nitasema yote. Nitasema mazishi, nitasema na kura. Halafu nitawaomba watu wakupe ruhusa usije kutuzika siku za kura."

"Utatumaliza," alisema katibu.

Mheshimiwa aliitazama miguu yake kwa muda. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa, na sioni aibu kumsemea hilo, maana kazi ya ubunge ndiyo pekee aliyoijua. "Mwache aseme," alimwambia katibu. "Nimesifiwa kwa majeneza inatosha."

Jumamosi uwanja ulijaa. Fundi alipanda, akainua mkono wenye vidole vitatu, na watu wakashangilia kwa mazoea. Halafu akaanza kueleza, nao wakanyamaza. Alisema alimwita mbunge mazishini, mbunge akaja, na mchana huo huo muswada ukaanguka. Hakumlaani mbunge. Hakujitetea mwenyewe. Aliwaambia watu wasome Hansadi, na wasiojua kusoma wasomewe.

Mama mmoja mbele aliuliza kwa sauti, "Sasa nikifiwa nani atakuja?"

"Nitakuja mimi," alisema Fundi. "Watakuja majirani zako. Kubeba jeneza tunajua sote, mama. Kupiga kura mle ndani tumemruhusu mmoja tu."

Wengine walinung'unika. Mzee mmoja aliondoka na kiti chake. Mheshimiwa alipochukua kipaza sauti alisema maneno machache: atauleta muswada, na siku ya kura atakuwa kwenye kiti chake. Alishinda, lakini kwa kura pungufu kuliko mara zote. Katibu hakumsalimia Fundi kwa muda mrefu.

Muswada ulirudi bungeni. Ulikwenda kwenye kamati, ambako Mheshimiwa sasa alikuwa mwenyekiti. Kila ulipofika hatua mpya, binti aliwasomea wateja na majirani pale kwenye cherehani, na Bi Makofi akaeleza penye ugumu. Watu walianza kuulizana habari za kamati kama wanavyoulizana habari za mpira.

Hatimaye siku ya kura ilitangazwa. Na siku moja kabla ya kura, baba yake Mama Watoto akafariki.

Simu ya Mama Watoto iliita jioni. Alikuwa Mheshimiwa.

"Pole sana, mwanangu. Nimesikia. Mnazika lini?"

"Kesho mchana, mzee."

"Baba yako alinibeba mabegani niliposhinda mara ya kwanza. Kura ni kesho mchana pia. Ukisema nije, nitakuja. Sitakulaumu wewe. Nitajilaumu mwenyewe."

Mama Watoto alilia. Alitaka aje. Alitaka baba yake azikwe kwa heshima, watu waone, waseme mzee yule alikuwa na watu. Kusema kwamba binadamu anaweza kuifuta tamaa hiyo mara moja ni uongo. Mlango ulikuwa wazi, na uani binti yake alikuwa anaanua nguo zake za kazi kwenye kamba.

"Baki huko, mzee," alisema. "Baba yangu nitamzika mimi."

Kesho yake walimzika. Jeneza lilibebwa na Fundi, na majirani, na yule mzee aliyeondoka mkutanoni na kiti chake. Waliporudi wakakaa kwenye viti vya Fundi, shangazi mmoja aliyetoka mbali alitazama huku na huku.

"Na Baba Misiba wenu yuko wapi?" aliuliza. "Au kwa ndugu yangu ameona ni mbali?"

"Hajaona ni mbali, shangazi," alisema Mama Watoto. "Nimemtuma kazi."

Jioni binti alikaa karibu na mama yake na simu mkononi. Majina yalikuwa yameitwa. Lilipoitwa jina la Mheshimiwa, alisema ndiyo, na wabunge wenzake wa chama walimgeukia. Muswada ulipita. Mama Watoto aliisikia habari hiyo, akaegemea bega la binti, akalala hapo hapo kwa uchovu.

Chama hakikumsamehe Mheshimiwa. Kilimwondoa kwenye uenyekiti wa kamati. Alikuja baadaye kuwapa pole wafiwa, siku ambayo bunge lilikuwa mapumzikoni, na alipoulizwa kuhusu kuondolewa huko alisema miguu yake ilikuwa inahitaji kiti cha nyuma. Fundi naye hakupata fidia. Sheria mpya haikurudi nyuma kwa walioumia zamani. Bi Makofi alimweleza jambo hilo mapema, naye akajibu kwamba analijua, na kwamba hakwenda jukwaani kwa ajili ya vidole ambavyo havipo.

Sheria ilipoanza kutumika, kiwanda kililazimika kuwakatia bima vibarua wote. Na kwa kuwa sasa mtu akiumia kiwanda hulipa, misumeno yote ilifungwa vikinga vya chuma ndani ya muda mfupi. Binti alileta karatasi yake ya bima nyumbani, mama yake akaisoma mara mbili, akaitia kwenye bahasha.

Asubuhi iliyofuata binti aliaga kama kawaida. Fundi aliacha nyundo, akamfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono wa kushoto. Aliutazama, kidole kimoja kimoja, mpaka cha tano. Kisha akamwachia aende kazini, akarudi uani, na mchana ule akala chakula chake chote.